Viti vya Chumba cha Manjano

Bi. Muriel alijitolea kulinda chumba cha manjano katika jumba la kale la Askerby, ambalo wageni huja kulitazama, kwa miaka kumi na tisa, bila malipo na bila mchezo. Kila kiti cha hariri kiliwekewa tunda kavu la msonobari katikati, ili mgeni ajue hapakaliwi. Asiyejua, Muriel alimjulisha. Askofu mmoja alijisahau akakaa. Alinyanyuliwa kama mtoto wa chekechea. Hata mimi, ninayeuza chai na keki kwenye lililokuwa zizi la farasi, nilimwogopa, siwafichi.

Mumewe Clifford, fundi bomba mstaafu, alimleta kwa gari kila Alhamisi, kisha akabaki humo garini na gazeti lake. "Niingie nikatazame viti visivyokaliwa? Nyumbani ninavyo vya kukalia." Jioni Muriel alimsimulia alichokiona dirishani: nyasi, kipande cha njia, bata wawili watatu.

Aprili hii madaktari walimwambia Clifford kwamba kiangazi hatakifikia. Alhamisi iliyofuata alizima gari akashuka. Alitaka kuliona hilo dirisha la mkewe. Lifti hakuna. Ngazi ishirini na mbili tulizipanda nimemshika kiwiko, naye ananitania eti nanuka siagi.

Alipoingia chumbani magoti yalimwishia nguvu. Wageni walikuwa wamejaa, na pa kukaa hapakuwepo ila kwenye vile viti.

"Usithubutu," akamwambia mkewe, anahema. "Watakufukuza."

"Hebu nyamaza ukae," Muriel akasema. Akaliondoa lile tunda, akalitia mfukoni, akamketisha mumewe taratibu.

Mama mmoja mwenye kofia akauliza kama naye anaweza kupumzika kidogo.

"Hapana," Muriel akamjibu, bila hata kugeuka.

Mapazia ya pale hushushwa nusu, jua lisiunguze hariri. Ukisimama, unaona ya chini tu, ya karibu na ukuta. Clifford alikuwa amekaa, anatazama mbali kupitia chini ya pazia.

"Mke wangu, mbona hukuniambia kuna ziwa?"

"Ziwa halionekani kutoka humu, Cliff."

"Kaa basi."

Muriel akawatazama wageni, akanitazama mimi. Kisha akaondoa tunda kwenye kiti cha pili, akakaa. Ndipo akaliona ziwa, na ng'ambo yake miti ya micheri yote imechanua, nyeupe tupu. Akaziba mdomo kwa kiganja. Miaka kumi na tisa, chumba hicho hicho. Nililia, wala sioni haya kusema.

Msimamizi alipoingia, uso umemwiva kwa hasira, Muriel hakuinuka. Aliibandua beji kifuani akamnyooshea, macho bado yako dirishani.

"Chukua, Graham," akasema. "Ila utungoje kidogo. Bado tunatazama."