Kona ya Chini ya Uwanja

Chuo nilichokipikia London kilikuwa kidogo, na timu yake ya hoki ilicheza ligi ndogo ya vyuo vya jirani. Tulishinda mpaka raha ikaisha. Mwalimu wa michezo, Mpunjabi mzaliwa wa Nairobi aliyekuja kwa basi kutoka Southall, alitaka tuhamie ligi kubwa. Aliomba mara mbili, akakataliwa. Mara ya tatu wenye ligi wakasema watamtuma mtu aukague uwanja.

Uwanja ule aliutunza mume wangu. Miaka ile hoki ilichezwa kwenye majani, na kona ya chini, inayotazamana na jiko, ilituama maji kila mvua iliponyesha. Asubuhi ya mchezo aliichomachoma ardhi kwa uma wa bustani, akamwaga mchanga, akaufagia mpaka usionekane. Mimi nilimtazama dirishani huku namenya viazi. Alifariki wakati wa baridi. Nilipomaliza eda nikarudi jikoni, na dirisha lile nikawa naligeuzia mgongo.

Siku ya ukaguzi jua liliwaka. Mwalimu alikuja mapema, kilemba kipya kichwani.

"Mama, leo ni kutabasamu tu. Ukiulizwa, kila kitu kizuri."

"Mimi na uwongo hatujuani, mwanangu."

"Basi usiseme kitu! Pika sambusa, nyamaza."

Nikapika. Mkaguzi alikuwa bibi wa Kiingereza, mrefu, na kwa jua lote lile amevaa viatu vya mvua. Alikula sambusa nne. Kisha akanigeukia mimi, akamwacha mwalimu.

"Wewe unauona uwanja kila siku. Hujaa maji?"

Mwalimu akakohoa. Kwa Kiingereza changu cha kuungaunga nikasema, "Kona ile hujaa." Nikamweleza uma, mchanga na ufagio. Nikamwambia pia kwamba aliyekuwa akiifanya kazi hiyo amekufa.

"Na sasa ataifanya nani?"

Sikuwa nimelifikiria. Nikajisikia nikisema, "Mimi."

Alipoondoka, mwalimu alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama, umetuzika!" Halafu akakumbuka anasema na mjane, akaona haya mpaka masikio yakamwiva. Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu msiba.

Baada ya wiki tatu barua ikaja. Tumekubaliwa, kwa sharti kwamba kona ile itengenezwe kabla ya kila mchezo. Mwalimu aliingia jikoni akicheza ngoma ya kwao, akanipokonya mwiko, na wapishi wote wakampigia masufuria.

Mchezo wa kwanza wa ligi kubwa uliamkia mvua. Nilivaa koti juu ya aproni, nikautoa ule uma stoo.

"Mama, mchanga umezidi!" mwalimu alipiga kelele.

"Kona hii unaijua wewe au mimi?"

Nikafagia mpaka mchanga usionekane. Siku hiyo tulifungwa matatu kwa bila. Lakini pale konani hakuteleza mtu.