Bodi ya Mji Mbele ya Jiko la Mama

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuandika kuta lilikuwa kuandika jina la soko letu kwenye ukuta wa kisiagi, mashine ya kusaga unga, ya mama mmoja ambaye hakuniomba jina. Aliniomba niandike "Kisiagi. Unga Safi." Basi. Mimi nikaona pamebaki nafasi chini, na nafasi tupu ukutani hunisumbua mpaka leo. Nikapiga mstari kwa rula, nikaongeza jina letu kwa rangi nyekundu, herufi moja moja.

Kisiagi hicho kilikuwa katikati ya masoko mawili. Soko letu liko chini, karibu na mto, penye josho la ng'ombe na kanisa. Soko la juu liko mgongoni mwa kilima, upande wa kwenda Nunguni, na wao ndio wenye posta. Barabara moja ya udongo hupanda kutoka kwetu hadi kwao. Wakati huo pale katikati palikuwa na mahindi, mbaazi, safu za makonge zinazotenga mashamba, na vibanda vichache vya mbao. Kila soko lilikuwa na jina lake, na ukitaka ugomvi ulimwita mtu wa chini kwa jina la juu.

Mama mwenye kisiagi aliporudi kutoka shambani alisimama mbele ya ukuta wake, jembe likiwa begani.

"Kijana, hili lingine limetoka wapi?"

"Ni mahali ulipo, mama."

"Nani alikuambia niko huko? Watu wa juu wakisoma hivi si watasema nimewahama? Asi! Umenifukuzia nusu ya wateja kwa brashi."

Nilitaka kulifuta. Alikataa, akasema doa ni baya kuliko jina. Wiki iliyofuata akapita mwandishi wa kuta wa soko la juu, naye akatatua jambo hilo kabla muwa aliokuwa akitafuna haujaisha.

Huyo ni rika langu, na ndiye mtu niliyemwonea wivu kuliko wote. Kazi alijifunza Mtito Andei, kwenye malori na nyumba za kulala wageni. Herufi zake zilifika Mombasa kabla yeye mwenyewe hajafika. Mimi nilijifunza peke yangu, kwa kunakili maandishi ya mikebe ya majani chai kwa makaa kwenye ukuta wa jiko la mama yangu, nikifuta na kurudia mpaka akanikataza. Yeye alisimama mbele ya kisiagi, mkono mmoja mfukoni, akaandika jina la juu chini ya jina letu. Hakupiga mstari. Hakutumia uzi wala chaki. Herufi zikakaa pamoja kama watu waliozoeana.

Mama wa kisiagi akapiga makofi. "Sasa niko kote kuwili!"

"Mwalimu wa rula," yule mwandishi akaniambia, "hata yako ni nzuri. Imesimama wima kama mtoto anayepigwa picha."

Nilicheka na wengine. Kisha Jumapili, wenye kisiagi wakiwa kanisani, nilirudi na uzi nikazipima herufi zake. Nakiri. Nilitafuta kosa nikalipata: herufi ya mwisho ilikuwa imelala kidogo upande. Na huko kulala ndiko kulikofanya jina zima lipendeze. Nilijaribu kulaza yangu nyumbani, ikaonekana kama mlevi.

Wilaya yetu ilipotengwa na Machakos, ofisi mpya zilianza kutafuta miji. Chifu akaita baraza kwenye uwanja wa shule, na ofisa wa mipango akatuambia kwamba huenda masoko yetu yakafanywa mji mmoja, wenye jina moja na bodi kubwa mahali mji unapoanzia.

"Jina gani?" mtu akauliza, na uwanja ukachafuka.

"Ninyi wa chini mnanuka josho!" mzee mmoja wa juu akasema. "Mji gani unanuka ng'ombe?"

"Na mnapokuja kuteka maji kwetu," mama mmoja wetu akamjibu, "huwa mmefunga pua na nini, stempu za posta?"

Ofisa alingoja kicheko kiishe. Akasema atarudi siku ya soko, atembee barabara yote asome wenyewe tunajiita nani, ndipo aamue.

Wengine walisikia hayo wakaenda nyumbani. Mimi nilisikia neno moja tu: asome. Mtu husoma wapi barabarani kama si kwenye kuta? Na kuta hizo tuliziandika sisi wawili. Nikapiga hesabu yangu ya wivu: jina likiwa letu, bodi nitaandika mimi. Likiwa lao, ataandika yeye. Sikuweza kuvumilia wazo la kila gari kupita chini ya herufi zake.

Asubuhi iliyofuata nilipanda na mkebe wa rangi hadi kwenye vile vibanda vya katikati, nikawaambia wenyewe nitawaandikia bure.

"Bure?" akasema fundi wa baiskeli. "Basi andika hata jina la mke wangu."

"Nitaandika kazi yako, na jina la soko letu."

"Andika. Mbao zilikuwa zinaoza bure."

Nilimwandikia yeye, kinyozi, mshonaji, na muuza mafuta ya taa. Kwa kuwa siwezi kuandika juu ya mbao chafu, kila kibanda nilikipaka chokaa kwanza. Nilipiga mistari, nikapima nafasi kati ya herufi, nikafuta, nikarudia. Vibanda vilianza kuonekana kama maduka. Mshindani wangu alipita akiendesha baiskeli, akapunguza mwendo.

"Mwalimu wa rula, unasukuma mpaka?"

"Nafanya kazi."

"Sukuma tu. Mimi nikipewa ubao naandika lolote."

Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Jambo lililoninyima hamu ya chakula, kwake lilikuwa la kupitia na baiskeli.

Siku ya soko ilinikuta kwenye kibanda cha tano, herufi zikiwa bado za chaki. Ofisa alikuja kwa miguu na chifu, na watu wengi nyuma yao. Alisimama kwenye kisiagi, akasoma majina mawili, akamgeukia mwenyewe.

"Mama, wewe ni wa wapi?"

"Barua zangu ziko juu, maji yangu yako chini. Mimi niko hapa nasaga."

Ofisa akacheka. Akaja mpaka niliposimama, akatazama kuta zangu moja baada ya nyingine.

"Nani ameandika hizi?"

Niliinua mkono kama niko darasani.

"Kazi safi. Mwaka jana nilipita hapa nikaona mashamba tu, nikadhani ni masoko mawili. Leo nimekuja kutoka posta nikisoma duka hadi duka, na kutoka hapa mpaka mtoni sioni pengo." Akamgeukia chifu. "Huu ni mji mmoja. Uishie mtoni. Na jina liwe la penye posta, ndilo lililoko kwenye barua tayari."

Watu wa juu walipiga kelele za furaha. Mshindani wangu, aliyekuwa ameegemea ukuta wa kisiagi, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwalimu wa rula! Umetuletea mto!"

Niliandika kibanda cha tano mpaka mwisho, kwa sababu siwezi kuacha herufi za chaki. Mstari wa chini ulipinda, na mpaka leo unaonekana.

Bodi alipewa yeye. Iliwekwa upande huu wa mto, mbele ya jiko la mama yangu, na "Karibu" yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba mama alitoka na mwiko mkononi kuitazama. Mimi niliiangalia nikaona nguzo zimeinama kushoto. Nilifurahi. Nilikusudia kunyamaza. Lakini nikafikiria kuiona imeinama kila asubuhi nikinywa chai, nikaingia ndani nikatoka na pimamaji. Mshindani wangu, aliyekuwa bado akikusanya brashi zake, alishika nguzo, mimi nikapima, tukajaza mawe kwenye mashimo mpaka bodi ikakaa sawa.

"Kumbe rula ina kazi," akasema. Nilirudisha pimamaji ndani.

Soko letu sasa linaitwa mtaa wa chini. Jina la zamani limebaki kwenye kisiagi na kwenye vibanda vile vitano. Wivu haujaisha, hasa magari yakipunguza mwendo kusoma ile bodi. Kilichobadilika ni hiki: kabla sijaandika jina la mahali popote, namuuliza mwenye ukuta yeye anajihesabu wa wapi, na naandika anachoniambia.