Nilivyomtembeza mama Dubai kwa miguu, uongo wangu wa miaka mitatu ukaishia njiani

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Leo nina la kwangu, na nitalieleza lilivyo, hata pale linaponiaibisha.

Niko Dubai mwaka wa tatu sasa. Ni mlinzi. Nakaa getini kwenye ghala moja karibu na bandari ya Al Hamriya, masaa kumi na mbili kwa siku.

Ila mama yangu kule Morogoro nilimwambia nipo ofisini, mambo ya logistics, yaani usafirishaji wa mizigo. Hata sijui nililitoa wapi hilo neno.

Mwezi wa kwanza mama alikuwa anarudi kutoka India, alikofanyiwa upasuaji wa macho. Kabla ya hapo alishafikia hatua ya kututambua kwa sauti tu. Ndege yake ilikuwa na transit hapa, asubuhi mpaka jioni. Tukahangaikia viza mapema, nikaomba off.

Alipotoka pale arrivals akaninyooshea kidole kutokea mbali.

"Wewe! Mbona umekonda hivyo?"

Wakuu, nililia mbele za watu. Mama ameniona!

Akasema amechoka kulala na kukaa, anataka kutembea. Tukapanda metro mpaka Deira, kuanzia hapo ikawa miguu tu. Ilikuwa Jumapili, kwa hiyo kisingizio cha ofisi kufungwa nilikuwa nacho tayari. Mpango wangu ulikuwa kumzungusha kote, ila asikaribie Al Hamriya.

Soko la dhahabu alisimama kila kioo. Alipoona gauni zima la dhahabu akauliza, "Sasa huyo anayelivaa, anakaaje kwenye kiti?"

Kwenye soko la viungo muuzaji mmoja akamuita, "Karibu mama, karafuu ya Zanzibar!" Kiswahili safi kabisa. Mama akanigeukia kama mimi ndiye nimempangia.

Tukavuka creek, ule mkono wa bahari unaokata mji, kwa abra, vile viboti vya abiria, tukatokea upande wa soko la vitambaa. Pale tukakaa kwenye benchi tunywe chai.

Mama akapuliza chai yake, akaniambia taratibu:

"Kila mlinzi tuliyempita mmesalimiana."

Ni kweli. Wengi tunalala nao kambi moja ya wafanyakazi kule Muhaisnah. Mimi hata sikuona kama nawasalimia.

"Na hapo kwenye paji la uso una mstari wa kofia. Ofisini mnavaa kofia?"

Chai ilinipalia. Nikamwambia yote. Geti, zamu, kambi, chumba cha watu sita.

Nilitegemea atalia. Akashusha pumzi ndefu.

"Miaka mitatu hutaki video call na dada yako mchana. Nilijua unaficha kitu. Nikawaza umefungwa. Nikawaza madawa ya kulevya. Nimekuombea wewe kuliko hata macho yangu. Kumbe geti?"

Akaanza kucheka mpaka machozi, na mimi namshika mikono nampigia kelele asifikiche macho, daktari amekataza!

Kisha akaacha kucheka.

"Usinifanyie hivyo tena. Mimi ni mama yako, siyo majirani." Akasimama, akajikung'uta gauni. "Haya, nipeleke nikaone."

Nikamwambia ni mbali. Akasema miguu anayo. Tukavuka tena, tukatembea kama saa nzima na zaidi, tukipumzika kila penye kivuli. Njia nzima ananiuliza nakula nini, nani ananipikia, nikiumwa naenda wapi. Maswali ambayo nilimnyima miaka yote hiyo.

Getini alikuwepo Wasswa, Mganda, mwenzangu wa zamu. Kusikia ni mama, akaruka kutoka kwenye kiti chetu kimoja.

"Mama, karibu sana! Kaa hapa. Mutoto wako ni mutu muzuri."

Hajamaliza, supervisor huyo hapo na gari lake la doria. Wageni hawaruhusiwi, nikajua kazi imeisha. Akashusha kioo, akamtazama mama.

"Your mother?"

"Yes sir."

Akafikiria. "Ten minutes. Then khalas." Yaani dakika kumi, basi.

Likaja lori. Wasswa akanisukuma nikalipokee mimi, na nguo zangu za kutembelea. Nikakagua karatasi, nikaandika namba, nikanyanyua kizuizi.

"Hakuna gari linaloingia bila wewe kukubali?" mama akauliza.

"Hakuna, mama."

"Basi hiyo ni kazi."

Nikashusha kizuizi nyuma ya lori.

Jioni nikamrudisha airport. Wiki iliyofuata dada yangu akanipigia, eti mama anamsimulia kila anayekuja nyumbani kuhusu geti la mwanawe, na lori limekuwa refu kuliko nilivyoliona mimi.

Nilichojifunza: nilidhani uongo wangu unamlinda, kumbe ulimwacha peke yake na mawazo mabaya kuliko ukweli wenyewe. Wewe uliye ughaibuni na unamficha mzazi kazi yako, mwambie. Huenda anawaza makubwa zaidi.

Mwakani anapita tena akienda kliniki India, inshallah, na ameshasema anataka tutembee mtaa ambao hatukuufikia. Siku zangu za off nimeanza kuzunguka mwenyewe kuutafuta.

Wenyeji wa Dubai, nimpeleke wapi kwa miguu? Na ninyi mliowahi kudanganya nyumbani, mlikamatwaje? Karibuni.