Vibanda vya Apolonia

Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu. Hapana, nakosea, sabini na tatu bado tulikuwa kwetu bondeni. Ilikuwa sabini na nne, mwaka wa kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Dutwa. Nyumba zetu zilibomolewa, tukashushwa kwenye lori pamoja na mbuzi na vyungu, tukaonyeshwa viwanja. Kila kaya ikajenga kibanda cha mabua ya mtama.

Mama yangu, Ng'washi, hakuingia kwenye chetu. Alishinda na kulala nje kando ya kinu, chakula akikionja tu. Kule tulikotoka aliacha uani vijumba vya mizimu, kimoja cha baba. "Nikilala humu," alisema, "mzee atanitafuta wapi?" Akakonda, tukaona tunampoteza.

Apolonia, mjane wa kaka yangu, ndiye aliyefundisha watoto dini. Kabla ya kuolewa aliwahi kulea watoto wa Myahudi mmoja, mtaalamu wa pamba, huko Mwanza. Kila ilipofika Sikukuu ya Vibanda alijenga nao kibanda, wakakipamba. Sasa alipoona watoto wetu wanaonea aibu vibanda, akawaita uani.

"Hata wana wa Israeli walilala hivi walipohama jangwani. Tutengeneze vidogo, na sisi tusherehekee."

Wakakata mabua, wakafunga kwa katani, wakatundika pamba na vibuyu.

"Paa usilizibe, Felisita," Apolonia alimwambia mmoja wao. " Nyota lazima zionekane."

"Na mvua je, mwalimu?"

"Itaonekana pia!" akadakia Novatus.

"Nyamaza, cha kwako hata kuku atakikataa," Felisita akamrudishia.

Kesho yake asubuhi tulimkuta mama amechuchumaa mbele ya kibanda cha Felisita, ananyunyiza maji ya unga wa mtama, anaongea taratibu kama na mtu aliyetoka safari.

"Mwangaluka, mzee. Kumbe umefika," alimwamkia kwa Kisukuma.

Kisha akamgeukia Apolonia. "Mwanangu, ni wewe uliyemjengea?"

Apolonia alishika rozari yake shingoni. Nilijua anachopima: imani yake na uhai wa mama.

"Ni watoto, mayu," akamjibu mama mkwe wake.

Mama akaomba ugali, akala. Usiku akaingia kulala ndani.

Sikukuu ile ni ya siku saba. Zilipokwisha, Apolonia alivunja vile vibanda vidogo vingine vyote, akapikia. Cha Felisita alikiacha. Jumapili iliyofuata hakupokea komunyo, wala hakumwambia mtu kwa nini. Na kila baada ya mavuno alikitengeneza upya, mabua mapya, paa wazi vilevile, mpaka tulipomzika mama.

Siku moja nilimkuta akifunga mabua hayo, nikamuuliza. Akanituma mabua mengine. Tangu hapo nimetembea sana, Nassa mpaka Nyalikungu, na kila mwalimu wa dini ninayekutana naye namuuliza nililomuuliza yeye: wale wana wa Israeli walipokuwa wanahama na vibanda vyao, wazee wao waliokufa waliwajengea wapi vijumba vyao?