Mihogo Iliyopanda Mlima

Wifi yangu Nour hajui kutulia. Ukimpa kiti anakaa nusu. Ukimpa chai ataizungusha ndani ya kikombe mpaka ipoe, kisha akuulize kwa nini umempa chai ya baridi. Kaka yangu Nasiri alipomleta nyumbani nilimwambia, ndugu yangu, umeoa kishada, shika uzi vizuri. Akacheka. Siku hizi hacheki sana, maana tangu Nour apate kazi ya picha za angani, hata kwenye sinia la chakula yuko na simu mkononi akikuza picha ya mlima wa watu.

Kazi yenyewe ni hivi. Milima ya kando ya ziwa letu, kutoka Rumonge mpaka Muhuta na kuendelea, inachimbwa mawe ya msingi na kokoto za barabara. Machimbo hayo tunayaita karieri. Watu wanaukata ubavu wa mlima waziwazi, na mlima ukikatwa vibaya hushuka wote na nyumba zake. Basi iko ofisi Bujumbura inayozilinda karieri kutoka juu, kwa picha za setilaiti na kwa droni inayorushwa na fundi wao Roger. Kila karieri imechorewa mpaka kwenye ramani. Nour analinganisha picha ya zamani na mpya, anasema kama wachimbaji wameuvuka. Anafanyia kazi hapahapa Rumonge, mtaa wa Waswahili, juu ya meza ya kushonea aliyoachiwa na baba yake, Mungu amrehemu.

Kompyuta ndiyo inayotangulia. Popote palipokuwa na majani zamani na leo ni peupe, inapaka rangi ya chungwa, maana yake hapa pamechimbwa. Baadaye mtu anapitia, kwa sababu mashine haikuzaliwa hapa. Mwanzoni ilipaka chungwa ufukwe mzima wa Kabonga, kumbe ni ndagala, samaki wadogo wa ziwani, wameanikwa juani. Nour alicheka mpaka akashika mbavu, akaifuta rangi yote. Wakubwa wake wakamsifu: huyu ndiye tuliyekuwa tunamtafuta, mzaliwa wa pwani ya ziwa, anajua vitu vya kwao. Sifa ile ndiyo iliyomponza, na mimi sifichi, nilijivuna naye sokoni kama nimemzaa.

Sasa, Muhuta kuna karieri moja ambayo kapita wake, yaani msimamizi wa wachimbaji, anaitwa Cubaka. Juu yake kuna nyumba chache, na iliyo karibu zaidi na ukingo ni ya Consolée. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kivu, yeye mwenyewe kazeekea Muhuta. Kila mara ananiletea mihogo sokoni Rumonge, anakaa kando ya madumu yangu ya mawese, tunawasema watu mpaka tunachoka. Kwa jina la mwanawe tunamwita Mama Lukeba. Mihogo yake, kama ya wanawake wote wa mlima ule, inalowekwa na kuanikwa juu ya mwamba mtupu. Ukianika juu ya udongo inaingia mchanga, na mteja akitafuna mchanga kwenye ugali wake atakutukana wewe na ukoo wako.

Kiangazi kilichopita kompyuta ilipaka chungwa juu ya mpaka wa karieri ya Cubaka, upande wa nyumba. Nour akaangalia, akaona weupe wa vipande vipande, akacheka kama alivyowachekea ndagala.

"Mashine hii mshamba," akaniambia. "Hii ni mihogo ya Mama Lukeba!"

Akafuta. Akaandika kwamba karieri haijavuka mpaka na nyumba za juu ziko salama. Ripoti ikaenda Bujumbura, ikashuka mpaka kwa shefu wa kolini, mkuu wa mlima ule, naye akaisoma mbele ya mkutano. Picha zilizofuata zikaja na weupe zaidi. Nour akafuta tena, safari hii bila hata kucheka, maana alishazoea.

Mvua za kwanza zilipoanza, alipita kwangu sokoni kuchukua mawese. Consolée alikuwepo, na mihogo yake ilikuwa myeupe ajabu.

"Amahoro, Mama Lukeba," Nour akamsalimu. "Mihogo ya leo umeipaka nini?"

"Amahoro, mama. Si kupaka, ni jiwe! Mwaka huu tuko na jiwe mupya, safi, hata muchanga haiko. Cubaka na batu yake kila banapomaliza fasi moja, banasogea juu, na siye tunaanika pale balipotoka."

"Wanasogea juu mpaka wapi?"

"Sasa iko hapa tu, chini ya jikoni yangu. Hata kutembea mbali sitembei tena. Mungu ni mukubwa."

Nour akaweka dumu chini. Aliondoka bila mawese na bila kuaga, na mtu anayemjua Nour anajua kwamba kuaga hasahau, hata akiwa na haraka ya namna gani. Nikafunika biashara yangu, nikamfuata.

Nilimkuta amefungua picha zote, moja juu ya nyingine. Alinionyesha kwa kidole. Weupe wa kwanza, chini. Wa pili, juu yake. Wa tatu, juu zaidi, unakaribia bati la Consolée. Mihogo ilikuwa inapanda mlima, na mihogo haina miguu. Kila ilipolala, chini yake palikuwa na mwamba uliofunuliwa juzi.

"Ni mihogo kweli, wifi," akasema. "Nilisema kweli. Lakini sikujiuliza imelala juu ya nini. Mashine ilisema wamechimba, mimi nikaifuta."

Akampigia Roger. Roger akasema mvua hii droni hairuki, na ofisi itaandika barua kwa shefu wa kolini wiki ijayo. Nour akazunguka chumba, akatoka uani, akarudi, akavaa viatu, akavivua. Nikamwambia akae, haraka haraka haina baraka. Alinikata jicho ambalo sijalisahau.

"Waambie hivyo walio juu ya ule mlima!"

Kulipokucha tulikuwa Muhuta, tunapanda kwenye utelezi. Cubaka alitupokea kwa heshima zote, kofia mkononi.

"Mama, siye tunafuata rapport yenu," akasema. "Mawe ya chini iliisha, tukapanda kidogo. Picha yenu ikasema hatujavuka. Nani mimi wa kubishana na picha?"

Nilingoja Nour amjibu kwa ukali, maana ulimi anao. Lakini mtu alikuwa anamrudishia maneno yake mwenyewe. Alisema tu, "Simamisha kazi leo, kaka, nakuomba," kisha akaendelea kupanda.

Consolée alifurahi kutuona. Alitutembeza kama mtu anayeonyesha shamba. Hapa ndipo palikuwa na jiwe la kwanza, hapa la pili, na hili la sasa, tazameni lilivyo safi. Tukatazama. Mlima ulikuwa umekatwa wima kama mkate, na juu ya mkato, hatua chache tu, jiko lake linatoa moshi. Uani palikuwa na ufa mrefu kutoka jikoni mpaka kwenye chumba kipya cha matofali. Alikuwa ameuziba kwa udongo na kuusiriba vizuri, mwanamke nadhifu kama alivyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofundishwa. Yeye aliuziba. Lakini ule haukuwa ufa wa ukuta, ulikuwa wa mlima.

"Mama Lukeba, tokeni humu leo," Nour akasema. "Sasa hivi."

"Kutoka? Kwenda wapi? Lukeba ameoa, chumba yao ndiyo tumemaliza. Muke yake Schékinah iko na mimba. Na kwa mukutano tulisomewa hatuna shida."

"Mama, nakuomba."

"Ngoja mvua ipite, tutazungumuza."

Hapo Nour akashindwa na nafsi yake. Hakubishana. Aliingia ndani, akaburuta godoro, akalibeba kichwani juu ya mtandio wake, akateremka nalo kwenye mvua. Akarudi, akabeba masufuria. Mimi nikachukua Biblia ya nyumba na mto wa Schékinah, ingawa mgongo wangu si wa kupanda milima. Majirani wakatoka kutazama Waislamu wawili wakihamisha nyumba ya watu kwa nguvu. Consolée alipiga kelele, akatuita wezi, akaita jina la Yesu. Lakini mtu atabishana na nani godoro lake likishaondoka? Jioni ilipoingia, yeye, Lukeba na mkewe walikuwa kwa dada yake Pascasie, kule chini kando ya ziwa, wamenuna wote. Wenye nyumba za jirani nao, walipoona hivyo, wakaanza kufunga vitu.

Mlima ulishuka siku chache baadaye, mchana, mvua ikinyesha. Jiko likaenda, nyumba ikaenda, chumba cha Lukeba kikaenda pamoja na milango yake ambayo bado ilikuwa inanuka rangi. Hakufa mtu. Watu wakamsifu Nour, simu zikalia, wakubwa wa Bujumbura wakatuma pongezi. Yeye alilia jikoni kwake na hakutaka kushikwa bega. Kaka yangu akasema ni furaha. Wanaume!

Tulikwenda kwa Pascasie kutoa pole na mchele na mawese. Njia nzima Nour alikuwa anapanga maneno. Atamwambia Consolée kwamba ripoti ile ya kiangazi aliiandika yeye. Hawezi kula chakula chake na siri ile tumboni.

Consolée alitukaribisha mkekani. Alituwekea ugali na ndagala, akanawa, akatunawisha. Nour hakugusa.

"Mama Lukeba, kuna neno," akasema. "Ile ripoti iliyosomwa mkutanoni, iliyosema hakuna shida. Ni mimi niliyeiandika."

Consolée aliendelea kumega tonge.

"Najua," akasema. "Shefu alisoma na jina."

"Ulijua? Na hukuniambia kitu?"

"Ningesema nini? Kabla ya pale, batu ya Bujumbura balikuwa banasema machine imeona banachimba karibu yetu. Tuliogopa. Lukeba akasema tusijenge, twende tujenge huku chini. Kisha ikasomwa jina yako, kwamba ile ni mihogo tu. Nikamwambia Lukeba: Nour ni mutoto wa hapa, anajua mihogo yetu." Akalaza tonge kwenye sahani. "Ndiyo siku tulianza kujenga."

Consolée akamsogezea Nour sahani, akamwambia ale, ugali unapoa.