Treni Haikumsubiri Ayeeyo

Juzi nilimsindikiza jirani yangu hadi stesheni ya reli ya Nairobi. Alipokwisha kuketi dirishani, kikapu mapajani, akanitania: "Nyinyi watu wa Garissa mnasifu basi kwa sababu hamna reli. Basi ni la kubebea kuni. Treni ndiyo ya watu." Nikacheka, nikampungia mkono. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa namjibu peke yangu, na nimeona afadhali jibu hilo nikupe wewe, rafiki yangu, maana wewe una subira.

Usidhani treni siipendi. Utotoni nilichora reli kwa kijiti kwenye mchanga wa mto Tana, nikazipeleka Wajir, nikazifikisha Buna, nikaweka stesheni hata Hadado, ambako abiria wangekuwa mbuzi watupu. Wenzangu walinishika kiunoni kwa mstari, mimi mbele nikipuliza moshi wa mdomo. Mbuzi wakizikanyaga reli zangu, nachora tena.

Ilikuwa miaka ya vita, ile ambayo kila mmoja wetu, hata mzee asiyeweza kuinua fimbo, aliitwa shifta, yaani mwasi wa porini. Shule yetu ikifunguliwa wiki hii, wiki ijayo imefungwa. Basi shangazi yangu aliyeolewa Mombasa akanitafutia nafasi katika shule ya huko. Sharti lilikuwa moja: nifike asubuhi ya siku ya kufungua, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Ayeeyo, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, akasema atanipeleka mwenyewe. Tungepanda basi hadi Nairobi, kisha treni. Treni ya kweli! Akafunga nyirinyiri, nyama yetu ya kukausha, katika samli, akajaza maziwa ya ngamia katika chombo cha mti kinachonukia moshi, tukaondoka.

Kwenye daraja la Tana askari walisimamisha basi. Wenye sura kama zetu tukateremshwa, tukakalishwa mchangani juani. Wengine wakabaki vitini, wakitazama miguu yao. Askari mmoja alichovya kijiti katika maziwa ya ayeeyo, akitafuta risasi. Ayeeyo akamtazama, akanywa funda moja, akanipa na mimi, akafunika.

Kutoka hapo tulikwenda kwa msafara, lori la jeshi mbele na jingine nyuma, na amri ilikuwa hakuna kusimama hadi Mwingi. Sasa, dereva wetu alikuwa na desturi yake ya siku zote. Wakati wa swala ukifika, basi husimama: wanaume upande huu wa kichaka, wanawake upande ule, na wasioswali wananyoosha miguu. Siku hiyo Alasiri ilipoingia, ayeeyo akagonga ubavu wa basi. Dereva akamtazama kwenye kioo, jasho likimtoka, akapunguza, akasimama.

Askari akaja mbio akitaka kujua ni nani aliyetoa amri. Ayeeyo alikuwa tayari ananawa kwa maji kidogo ya kibuyu.

"Ni mimi," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mungu naita. Wewe ngoja kidogo."

Askari alisimama pale, kisha akatugeuzia mgongo, bunduki ikielekea vichakani, mpaka tukamaliza. Labda naye alikuwa na bibi. Labda aliogopa vichaka tu. Mimi najua alingoja.

Treni nayo, tuliyoipanda Nairobi kesho yake jioni, nisikufiche, ilikuwa tamu. Hapakuwa na mtu wa kututeremsha. Magurudumu yaliimba, na mama mmoja akatugawia mahindi ya kuchemsha, nasi tukamgawia nyirinyiri. Nikamwambia ayeeyo hii ndiyo safari. Akatazama mbele, akatazama nyuma. "Linakwenda vizuri," alisema, "lakini mwenyewe yuko wapi?" Kwenye basi, unaona, kisogo cha dereva kiko mbele yako. Unaweza kukisemesha.

Swala nyingine msafiri huziunganisha. Alfajiri haina mwenziwe. Ilipoingia, ayeeyo akamwomba gadi asimamishe treni. Gadi akacheka, tena kwa upole, akamwambia aswali kitini. Lakini treni ikikata kona, kibla nacho kinahama. Kwa hiyo treni iliposimama kwenye kituo kidogo kabla ya Mariakani, ayeeyo akashuka na mkeka wake, moyo mtulivu kabisa. Maishani mwake hakuwa ameona gari linalomwacha mtu sijdani.

Filimbi ikalia. Gadi akamwita, mara ya pili akamwita kwa sauti kubwa, kisha akaniona mlangoni na mizigo. "Wewe mtoto kaa ndani," alisema. "Jamaa zako watakupokea Mombasa." Mabehewa yakajikaza. Mbele ilikuwa shule yangu. Nyuma, paji la uso la ayeeyo chini ardhini. Nikatupa mzigo, nikaruka.

Ayeeyo akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, ndipo akaziona reli tupu. "Limekwenda?" aliniuliza. Nikaitikia. Akakunja mkeka. "Gari hili halina adabu."

Tulitoka barabarani, akainua mkono, na basi lililojaa hadi mlangoni likatusimamia. Tulifika Mombasa mchana, wekundu kwa vumbi. Nafasi alikuwa ameshapewa mtoto mwingine. Shangazi alilia, akamlaumu ayeeyo mbele yangu, na ayeeyo akajibu neno moja tu: aliyekuacha njiani hakuwa mwenzako wa safari.

Nikarudi Garissa na madarasa yangu machache. Ayeeyo tumeshamzika. Yule dereva hayupo, na hawa wa leo wanashindana mwendo, Alasiri inawapita kama kijiji cha watu wengine. Wako wanaoniambia bibi yangu alinivunjia bahati. Nawaambia hapana, ni treni iliyokataa kumsubiri. Na mchangani tulikalishwa na askari wa kizuizi, si na basi. Basi lenyewe lilitungoja.

Reli bado haijafika kwetu, na mimi bado naiota. Wakiijenga nitapanda wa kwanza, na nyirinyiri zangu. Lakini Alfajiri ikiingia nitashuka, na isiponisubiri, iende.