Kila Mtu na Chombo Chake

Umeshawahi kuona mtu mzima, mwenyekiti wa jumuiya kanisani, anaingia kilabuni na ndoo ya lita ishirini na kudai sheria iko upande wake?

Mimi nimeona. Na sheria yenyewe niliiandika mimi.

Ulikuwa mwaka wa korona. Naitwa Kelvin, nilikuwa mtendaji mpya wa kijiji kimoja huku Kalambo, jirani na Mwazye. Shule zimefungwa, mabasi ya Sumbawanga yanapakia level siti, hakuna kusimama, kanisani tunapeana amani kwa kutikisa vichwa. Maagizo yakashuka: kila penye mkusanyiko pawekwe utaratibu.

Kwetu mkusanyiko ulikuwa kilabuni kwa mama Bertila. Pombe ya ulezi, kikombe kimoja kinazunguka midomo kumi.

Nikabandika tangazo: "Kila mnywaji aje na chombo chake. Bei ni ileile."

Nikagonga muhuri. Nikajiona mtu.

Kesho yake mzee Zenon, mwenyekiti wetu wa jumuiya, akatinga na ndoo.

"Shikamoo mzee. Hiyo ya nini?"

"Marahaba mtendaji. Chombo changu."

"Tulimaanisha kikombe."

Akavaa miwani, akasoma tangazo neno kwa neno. "Kikombe kimeandikwa wapi hapa?"

Nyuma yake foleni nzima ina ndoo. Mmoja kaja na beseni la kuogeshea mtoto.

Ndoo nzima kwa bei ya kikombe! Pombe ile ndiyo ilikuwa inasomesha watoto wa mama Bertila, na mimi nilikuwa naimaliza kwa muhuri wangu.

Mama Bertila alichota kopo moja, lilelile la siku zote, akamimina kwenye ndoo ya Zenon. Hata kitako hakikulowa chote.

"Mama, jaza."

"Baba, tangazo limesema chombo ni chako. Halijasema kipimo ni chako."

Zenon akasoma tena. Akaenda pembeni, akaingiza kichwa ndani ya ndoo, akanywa.

Nikadhani yameisha. Wapi.

Watu wetu ni wabishi. Waliendelea kuja na ndoo, wakitumaini siku moja mama atateleza mkono. Wiki hiyo akaja Herieth, afisa afya kutoka wilayani. Akakuta foleni, kila mtu na ndoo mbele yake.

"Mtendaji, hii ni mita moja kabisa. Nani alibuni kutenganisha watu kwa ndoo?"

Nilimtazama mama Bertila. Yeye akatazama paa.

"Ni utaratibu wa kijiji," nikasema.

Akapiga picha, akazituma wilayani. Haukupita mwezi: zahanati ndoo, mnadani ndoo, foleni ya kuungama ndoo. Shule zilipofunguliwa, watoto mstarini na ndoo.

Mimi nikaitwa Sumbawanga kutoa semina kwa watendaji wenzangu. Nikamchukua mzee Zenon awe shahidi. Nikavaa suti.

Mlangoni mwa ukumbi mlinzi, dada mmoja anaitwa Justa, akanisimamisha.

"Ndoo yako?"

"Dada, mimi ndiye mtoa mada. Huu utaratibu nimeuanzisha mimi."

"Basi ungekuwa wa kwanza kuja nayo."

Nilisikiliza semina nikiwa dirishani. Aliyesimama mbele kuitoa alikuwa mzee Zenon. Yeye alikuja na ndoo yake. Walimpigia makofi, na chai na chapati zangu akala yeye.

Ndugu zangu mnaoandika maagizo, nawaomba jambo moja. Kabla hujaligongea agizo muhuri, msomee kwanza mama anayeuza ile pombe. Yeye anajua wateja wake watakavyolisoma.